Umejuaje? Kima wa Mlima Rungwe na Darasa Linalouliza

Hadithi, hadithi! Haya, itikieni: hadithi njoo, utamu kolea. "Uongo njoo" tuiache mlangoni leo, kwa kuwa ninayosimulia yametokea kweli, na mengi yametokea hapa hapa Rungwe. Kwa kila nitakalosema mna ruhusa ya kuniuliza: "Babu, umejuaje?"

Mlima Rungwe mnaujua. Ukisimama Tukuyu asubuhi isiyo na ukungu, unauona upande wa kaskazini, kilele chake kipo karibu mita 2,960 kutoka usawa wa bahari. Chini kuna migomba na chai, juu kuna msitu mzito wenye kuvu na ndevu za miti. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja mnyama mmoja wa msitu huo, mwenye aibu, akaaye juu mitini, ambaye si kila mtu hubahatika kumwona. Walimwita kipunji.

Mwaka 2003 watafiti wa shirika la kuhifadhi wanyamapori la WCS, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wakipita vijijini kandokando ya mlima wakiuliza habari za uwindaji. Wakalisikia jina hilo. Hebu niambieni, ninyi mngefanya nini? Mtu wa pupa angekimbilia redioni kutangaza kima mpya. Mtu mvivu angesema hizo ni ngano tu. Kila upande ulikuwa na hoja, kwa maana masimulizi ya Wanyakyusa yana wanyama wa kweli, na yana viumbe wa kufikirika pia. Watafiti hawakuchagua upande. Waliliandika jina daftarini, wakapanda mlimani kwenda kutazama.

Haikuwa kazi nyepesi. Msitu ni mzito, miteremko ni mikali, na kipunji akisikia mtu hutoweka. Mwezi Mei walimwona kwa mbali, kwa kuibia tu kati ya majani. Kumwona huko hakukutosha. Waliendelea kutafuta hadi Desemba, ndipo wakamwona sawasawa: manyoya ya kahawia, uso mweusi, tumbo na ncha ya mkia vyenye weupe hafifu, ndevu ndefu za mashavuni, na nywele zilizosimama wima utosini. Hata sauti ilikuwa ya pekee, nzito, kama mtu anayebweka kwa kupitisha sauti puani.

Sikilizeni sasa maajabu. Mwaka 2004, mamia ya kilomita kutoka hapa, katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, mtafiti Trevor Jones na wenzake walimwona kima ambaye nao hawakumfahamu. Kati ya timu hizi mbili, hakuna iliyokuwa na habari za nyingine. Zilipojuana, hazikugombania sifa. Ziliandika pamoja, na Mei 2005 jarida la Science likachapisha taarifa yao. Kwa sura yake walimweka katika kundi la kima waitwao mangabe.

Mngedhani hadithi imeisha. Bado! Baada ya hapo kipunji mmoja alikufa katika mtego uliotegwa kwenye shamba la mahindi karibu na mlima wetu. Mwili wake uliwapa wanasayansi nafasi ya kupima vinasaba na kuchunguza mifupa. Majibu yakawashangaza: kwa vinasaba, kipunji alikaribiana zaidi na nyani kuliko mangabe, lakini mifupa yake haikuwa ya nyani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jina lililobeba mlima wetu. Tangu mwaka 1923 haikuwa imetokea kwa kima yeyote wa Afrika kufunguliwa jenasi mpya. Kisha watafiti wakaanza kuhesabu, na mwaka 2008 wakachapisha makadirio: kipunji wote duniani walikuwa 1,117, wengi wao katika misitu ya Rungwe na Kitulo, na wachache sana kule Ndundulu.

Mmeona kazi hiyo ilivyokwenda? Walisikia, wakaandika, wakatilia shaka bila kudharau, wakaenda kuona kwa macho, wakalinganisha na wengine. Na ushahidi mpya ulipokuja, walikubali kubadili jibu. Hayo yote hayahitaji darubini ya bei. Darasa lolote la Rungwe linaweza kuyafanya, tena katika kila somo.

Tuanze na jiografia. Nendeni pamoja na mwalimu mkaokote mawe ya aina mbili: jiwe jeusi zito na lile jepesi lenye matundumatundu, linalopatikana kwenye kingo za udongo sehemu nyingi za kwetu. Jazeni ndoo maji. Kabla ya kutumbukiza chochote, kila mmoja aandike anachotabiri na sababu yake. Msiiruke hatua hii, kwani asiyetabiri hawezi kushangaa. Jeusi litazama. Jepesi litaelea, na hapo mtasikia kelele darasani! Mwalimu asitoe jibu haraka. Aulize tu: ndani ya matundu kuna nini? Yalitoka wapi? Mkifuatilia mtafika kwenye mlipuko mkubwa wa Mlima Rungwe, yapata miaka 4,000 iliyopita. Uji wa moto uliojaa gesi ulirushwa angani, ukapoa upesi, mapovu yakabaki humo humo. Majivu yake yamekutwa hata chini ya Ziwa Nyasa.

Kutoka hapo historia inajileta yenyewe. Jirani na Rungwe kuna mlima mwingine wa volkano, Kyejo. Mapokeo ya wazee yanasema ulitoa uji wa moto yapata mwaka 1800. Wakati huo hapakuwa na mtu wa kuandika tarehe hapa, basi umejuaje? Kwa masimulizi yaliyopokezwa kizazi hadi kizazi. Fanyeni hesabu: tukikadiria kila kizazi kuwa miaka 25, tangu 1800 hadi 2025 vimepita vizazi tisa. Nendeni kwa wazee watatu wa koo tofauti. Waamkieni kwanza, kaeni, ombeni ruhusa, ndipo muulize walisikia nini kuhusu milima hii na walisikia kwa nani. Mkirudi, choreni jedwali: wapi wamekubaliana, wapi wamepishana. Msimkosoe mzee mbele yake. Kupishana kwao kutawapa swali la wiki ijayo.

Hisabati nayo tuikinge kwenye mvua, kwani Tukuyu mvua haituishii. Chukueni chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka. Kateni sehemu ya juu, igeuzeni iwe faneli, kisha tieni changarawe na maji kidogo chini ili sakafu iwe sawa. Hapo uso wa maji ulipo andikeni sifuri, mpande kwa rula, milimita kwa milimita. Iwekeni mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa, msome kila siku saa 3 asubuhi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tuseme paa la darasa lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 6, yaani mita za mraba 48. Mvua ya milimita 10 ikinyesha, paa limepokea lita 480, sawa na ndoo 24 za lita 20. Sasa ulizeni: maji hayo yanakwenda wapi? Shule yetu ina gata? Ina tangi? Hapo hesabu imegeuka mjadala wa kamati ya shule.

Kwa sayansi, hatukosi ndizi. Bibi zenu wanajua kuvundika ndizi ziive upesi. Jaribuni kujua kwa nini. Kateni ndizi mbichi sita za mkungu mmoja, zinazolingana. Tatu zitieni katika mfuko wa karatasi pamoja na ndizi moja iliyoiva, na tatu katika mfuko wa pili peke yake. Fungeni mifuko, iwekeni mahali pamoja, mwandike rangi kila siku. Mfuko wa pili ni wa nini? Asiyeutambua arudi kwenye hadithi ya kipunji, atazame jinsi watafiti walivyolinganisha. Ndizi inayoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo huziharakisha jirani zake.

Na katika Kiswahili fanyeni mdahalo: ni nani aliyemgundua kipunji, wawindaji waliompa jina au watafiti waliomthibitisha? Kanuni ya mdahalo ni moja. Kila msemaji akitoa hoja, upande wa pili una haki ya kuuliza, "Umejuaje?", naye lazima ataje ushahidi. Makofi hayahesabiwi.

Haya hayakuanza jana. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule imjengee mtoto akili ya kudadisi, ajifunze kwa wengine lakini pia aweze kukataa au kurekebisha anachopewa. Shida ni kwamba kudadisi kuna gharama. Anayeuliza huweza kuchekwa.

Muulizeni Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa shule ya Magamba, na wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Maziwa yaliyochemshwa yalitakiwa yapoe kwanza, ndipo yaingie kwenye friji. Nafasi ilikuwa inakwisha, Mpemba akayaingiza ya kwake yakiwa moto. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa bado. Alipouliza aliambiwa hilo haliwezekani. Hakulisahau swali lake. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam, mwanafizikia Denis Osborne. Mpemba akasimama akauliza tena, na wenzake wakacheka. Osborne naye alikuwa na shaka, lakini aliporudi Dar es Salaam alihakikisha jaribio limefanyika. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha matokeo pamoja, na hadi leo wanafizikia wanabishana jambo hilo hutokea lini na kwa sababu gani. Duniani kote linajulikana kwa jina la Mpemba.

Osborne angeweza kucheka pamoja na darasa. Alichokuwa nacho zaidi ya wengine siku ile ni utayari wa kujaribu.

Kwa hiyo, wajukuu, tengeni pembe moja ya ubao iwe ya maswali yasiyo na jibu bado. Kila swali liandikiwe tarehe, kilichoonekana, na kilichobaki kujulikana. Na wale mtakaoingia Chuo cha Ualimu Tukuyu au Mpuguso, mkarudi mbele ya darasa na chaki mkononi: siku mtoto atakapouliza jambo la ajabu na wenzake wakaanza kucheka, msimkalishe. Mwambieni alete sufuria mbili, moja ya moto na moja ya baridi, mjaribu.