Mawe Yaliyo Hai Ndani ya Kioo



Hakuna mkazi wa Moshi asiyejua kwamba jiwe laweza kuwa sababu ya uhai, kwani maji tunywayo hububujika kutoka katika miamba ya Kilimanjaro. Katika Sura Al-Baqara Mwenyezi Mungu Mtukufu ametutajia mawe yatokayo mito. Leo twaeleza habari za mawe ya namna nyingine, ambayo wafuga samaki huyaita mawe hai. Ikiwa nyumbani kwako yuko kijana atamaniye tangi la samaki wa bahari huku bara, hana budi kuyajua mawe haya kabla hajanunua samaki hata mmoja.

Jiwe hai ni kipande cha mwamba wa matumbawe chenye vitundu vingi, na humo hukaa bakteria wasioonekana kwa macho. Uchafu wa samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria hao huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Mnamo mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alieleza katika gazeti la wafuga samaki la Marekani jinsi mawe kama hayo yalivyomwezesha kufuga viumbe wa bahari. Basi jiwe hili si pambo tu. Ni mfano wa figo za tangi.

Kwa hiyo, apangaye na alipe jiwe nafasi ya kufanya kazi yake. Wengi hujenga ukuta wa mawe ulioegemea kioo cha nyuma. Maji hayapiti, na uchafu hurundikana. Heri kuutazama mlima wetu. Kibo ina mita 5,895 na Mawenzi mita 5,149, na kati yao pana uwanda mpana. Vilele havilingani, na ndiyo maana jicho halichoki kuvitazama. Nawe fanya vivyo hivyo: rundo kubwa upande mmoja, dogo upande wa pili, na bonde la mchanga katikati wapite samaki. Acha nafasi ya vidole vinne kati ya mawe na kioo, maji yapate kuzunguka na mkono upate kusafisha.

Mawe makubwa yatangulie, yakae juu ya sakafu ya tangi yenyewe, ndipo umwage mchanga. Wapo samaki na kamba wachimbao. Wakichimba chini ya jiwe lililokaa juu ya mchanga, rundo huporomoka na kioo hupasuka. Kila jiwe la juu liegemee mahali patatu, nawe ulitikise kwa mkono kabla ya kutia maji. Acha na mapango, kwani samaki akosaye pa kujificha hudhoofika kwa hofu.

Je, mawe meusi ya mlimani yafaa? Katika tangi la maji baridi yafaa sana. Katika maji ya chumvi tahadhari ni bora, kwani mengine yana madini yadhuruyo viumbe wa bahari. Jiwe la matumbawe ni chokaa. Ukilidondoshea siki hutoa povu.

Sasa, jiwe litoke wapi? Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na tangu hapo pwani si mbali nasi. Walakini haifai kumtuma mtu akavunje mwamba ulio hai. Matumbawe mengi hukua sentimita moja tu kwa mwaka, au chini ya hapo. Miamba ya Tanga iliumizwa miaka mingi na baruti za wavuvi, na joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi katika pwani yetu. Tena zimewekwa hifadhi za bahari, ya Mafia mwaka 1995 na ya Tanga mwaka 2009.

Njia iliyo njema ni kutafuta mawe makavu ya matumbawe ya kale, yachimbwayo nchi kavu huko pwani kwa ajili ya ujenzi. Yaoshe, uyatie katika maji yenye chumvi maalumu ya tangi la bahari, gramu 35 kwa kila lita. Chumvi ya jikoni haitoshi. Maji yawe na joto la nyuzi 25 hivi, yakizungushwa na pampu mchana na usiku. Omba kipande kidogo kutoka tangi la mwenzako, kiwe mbegu ya bakteria. Kisha ngoja wiki sita au zaidi, ukipima maji, hata amonia na nitriti ziishe. Hapo jiwe limekuwa hai, na hapana mwamba uliovunjwa.

Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alimtania kwa upole mtoto Abu Umair juu ya kindege chake, na wanazuoni wakapata humo ruhusa ya kufuga. Lakini ametuhadithia pia mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula hata akafa. Kiumbe uliyemfungia ni amana. Kijana asiyeweza kulingojea jiwe wiki sita, ataweza vipi kumlea samaki miaka?