Kumtunza Paka Nyumbani Baada ya Kuhasiwa

Kumhasi paka ni upasuaji kamili, hata pale unapochukua dakika chache. Mnyama hulazwa kwa dawa ya usingizi, mwili wake hukatwa, na kiungo huondolewa. Dume huondolewa korodani zote mbili. Jike hufunguliwa tumbo na kuondolewa ovari, mara nyingi pamoja na mfuko wa uzazi. Kazi ya daktari ikiisha, uangalizi wa siku kumi hadi kumi na nne zinazofuata huwa mikononi mwa mwenye paka.

Kwa mkazi wa Sitalike uangalizi huo una uzito wa pekee. Kijiji kiko takribani kilomita 35 kusini mwa Mpanda, na tatizo likijitokeza usiku si rahisi kupata usafiri wala daktari. Makala haya yanaeleza yaliyo ya kawaida baada ya upasuaji, yanayohitaji daktari bila kuchelewa, na zaidi ya yote, dawa ambazo paka hapaswi kupewa kamwe.

Kwa nini kuhasi

Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi mitano tu, na hubeba mimba kwa takribani siku 65. Hivyo paka mmoja aweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka, na watoto wasiopata mlezi huishia kuzurura. Sitalike ina sababu ya ziada, kwani hapa ndipo yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Paka wa nyumbani anayezurura huweza kuzaana na paka pori wa Afrika, na pia kumwambukiza magonjwa.

Wapo wanaohofu kwamba paka aliyehasiwa huacha kukamata panya. Hofu hiyo haina msingi, kwa kuwa silka ya kuwinda haitoki kwenye viungo vya uzazi.

Kabla hujaondoka kwa daktari

Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka daktari wa mifugo awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Ni haki yako kuuliza kama anayemhudumia paka wako amesajiliwa, na kupewa stakabadhi ya malipo. Kumhasi paka kwa wembe bila dawa ya usingizi si huduma ya nafuu bali ni ukatili. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima.

Pata majibu ya maswali haya, na ikiwezekana yaandikwe:

1. Paka amepewa dawa gani ya maumivu, na itafanya kazi kwa muda gani?
2. Je, kuna dawa ya kuendelea nayo nyumbani? Kipimo chake ni kipi, na mara ngapi kwa siku?
3. Je, nyuzi zitayeyuka zenyewe au zitatolewa? Lini?
4. Nikiona dalili mbaya, nimpigie nani simu?

Usiku wa kwanza

Msafirishe paka ndani ya tenga au boksi lenye matundu, juu ya kitambaa kikavu. Usimbebe mikononi juu ya pikipiki. Paka anayezinduka huchanganyikiwa, na hata aliye mpole huweza kuuma au kukwaruza. Akikujeruhi, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya, kwa kuwa ugonjwa wa kichaa cha mbwa huenezwa na paka pia.

Nyumbani, mweke chini sakafuni, katika chumba tulivu chenye mwanga hafifu. Usimweke kitandani wala kwenye kiti, maana huweza kuanguka kabla miguu haijapata nguvu. Dawa ya usingizi hushusha joto la mwili, kwa hiyo mfunike kwa kanga usiku, au weka karibu yake chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa kitambaa. Usiwashe jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa moshi wake huua watu na wanyama. Mchana wa miezi ya joto, chumba chenye bati lisilo na dari huwa kama tanuri, basi mhamishie penye kivuli na hewa.

Kuyumba, kusinzia na kutotaka kushikwa ni mambo ya kawaida kwa saa 12 hadi 24 za kwanza.

Chakula, maji na choo

Usimpe chochote kinywani kabla hajaamka vizuri, maana aweza kupaliwa. Akishaweza kusimama, mpe maji kidogo, kisha sehemu ndogo ya chakula alichozoea, kama vile ugali uliochanganywa na dagaa. Kesho yake anapaswa kula. Asipokula kabisa kwa saa 24, mpigie daktari. Paka hawezi kuvumilia njaa kama mbwa. Akikaa siku kadhaa bila kula, hasa akiwa mnene, mafuta hujaa kwenye ini na kumletea ugonjwa wa kufisha.

Choo chake kiwe cha vipande vya magazeti badala ya mchanga au majivu, ambayo hunata kwenye jeraha. Mtunze ndani kwa siku zote kumi hadi kumi na nne, mbali na mbwa, na usimruhusu kupanda juu ya kabati au ukuta. Dume atengwe na majike kwa muda wa hadi wiki sita, kwa sababu mbegu zilizobaki mwilini huweza bado kumpa jike mimba.

Jeraha

Litazame jeraha asubuhi na jioni, penye mwanga. Wekundu mdogo na uvimbe kidogo katika siku mbili au tatu za kwanza ni kawaida. Jeraha la dume mara nyingi huachwa bila nyuzi na hufunga lenyewe katika muda wa wiki moja. La jike huchukua siku kumi hadi kumi na nne.

Jeraha halihitaji kupakwa kitu. Linahitaji kukaa kavu, safi na bila kulambwa. Ulimi wa paka ni mkwaruzo, na huweza kukata nyuzi. Kama daktari hakukupa kola ya kuzuia kulamba, kata boksi gumu kwa umbo la faneli, limzunguke shingoni bila kumkaba. Vidole viwili vipite kati ya kola na shingo. Usimwogeshe. Fukuza inzi, kwa sababu wakitaga mayai kwenye jeraha, mabuu hutokea kwa muda mfupi. Kitanda chake kikae mbali na njia za siafu.

Dawa za kuepuka

Hapa ndipo huruma ya mfugaji huweza kumuua paka wake. Akimwona amejikunyata, humkatia kipande cha kidonge kilichomo nyumbani. Kidonge hicho mara nyingi huwa parasetamoli.

Ini la binadamu hubadili parasetamoli na kuitoa mwilini kwa usalama. Ini la paka lina upungufu mkubwa wa kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo. Dawa hugeuka sumu inayoharibu chembe nyekundu za damu, na damu hushindwa kubeba hewa. Fizi hugeuka rangi ya kahawia au samawati, uso na nyayo huvimba, na paka hupumua kwa shida. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kumuua paka wa kilo nne. Hata kipande cha kidonge ni hatari. Hakuna kipimo cha nyumbani kilicho salama.

Epuka pia hivi:

- Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini. Huharibu figo na tumbo la paka.
- Dawa ya maumivu ya ng'ombe au mbwa. Melokisikamu ya ng'ombe huwa na miligramu 20 katika kila mililita, ilhali ya paka huwa na miligramu 0.5. Tofauti hiyo ni mara 40.
- Dawa za kuogeshea mifugo, hasa zenye amitrazi au pamethrini. Paka hulamba manyoya yake, na sumu huingia tumboni.
- Dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe zikichanganywa na maji, dawa ya kufulia yenye klorini, na spiriti.
- Mafuta ya taa, oili chafu, majivu na chumvi.

Kama paka ameshapewa mojawapo, usisubiri dalili. Usimtapishe kwa chumvi wala kumnywesha mafuta. Maziwa si kiuasumu. Mpigie daktari papo hapo, mwambie ni dawa gani, kiasi gani na saa ngapi, kisha mpeleke paka pamoja na pakiti ya dawa. Sumu ya parasetamoli ina tiba, lakini inafaa zaidi ikitolewa katika saa za mwanzo.

Dalili zisizosubiri asubuhi

Wasiliana na daktari mara moja ukiona lolote kati ya haya:

1. Damu inayoendelea kudondoka, au fizi zilizopauka.
2. Jeraha kufunguka, au kitu kutokeza kutoka tumboni. Kifunike kwa kitambaa safi chenye unyevu, usikirudishe ndani.
3. Usaha, harufu mbaya, au uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu.
4. Kutapika mara kwa mara au kupumua kwa shida.
5. Kutoamka vizuri baada ya saa 24.
6. Dume kukaa chooni akijikamua bila mkojo kutoka.

Afisa mifugo wa kata aweza kukusaidia kumpata daktari. Andaa mapema namba yake, namba ya daktari, na ya mwenye chombo cha usafiri aliye tayari kwenda Mpanda usiku.

Ukinunua dawa ya mifugo

Nunua katika duka lenye kibali pekee. Soma lebo: iwe na jina la mnyama iliyokusudiwa, kipimo, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kataa dawa iliyopunjwa kutoka chupa kubwa na kutiwa kwenye chupa isiyo na lebo. Dawa za mifugo, kama zile za binadamu, husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Paka akipata madhara baada ya kutumia dawa, toa taarifa kwa daktari wa mifugo au kwa Mamlaka, na utunze pakiti, stakabadhi na dawa iliyobaki hadi suala lako lishughulikiwe.