Ukuta wa Mshipa Hautulii

Mlandizi, mkoani Pwani, kuna mtambo wa Ruvu Juu. Hapo maji ya Mto Ruvu husafishwa, kisha pampu huyasukuma kuelekea Kibaha mjini na Dar es Salaam, na tangu mwaka 2020 hata Kisarawe inapata mgao wake kupitia Kibamba. Uwezo wa mtambo ni lita milioni 196 kwa siku. Maji mengi kiasi hicho hayasimami kwa upole. Umeme ukikatika ghafla na pampu zikazima, presha hushtuka ndani ya bomba, na mshtuko huo hukimbia kwa kasi inayokaribia mita 1,000 kwa sekunde. Bomba lisilo na kinga laweza kupasuka. Mrusi Nikolai Joukowsky, aliyefanya majaribio kwenye mabomba ya maji ya Moscow, alichapisha hesabu ya mshtuko huo mwaka 1898.

Miaka 20 kabla yake, Mholanzi Diederik Korteweg alikuwa ameshaonyesha kwamba kasi ya wimbi la presha hutegemea ukuta unaoyazunguka maji au damu: ugumu wake, unene wake, na upana wa njia yenyewe. Bomba la chuma halikubali kutanuka, hivyo wimbi hupita mbio. Aota, mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, ni kitu kingine kabisa. Kwa kijana mwenye afya, kipenyo chake huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila moyo unapodunda, kisha hurudi. Ndani yake wimbi husafiri mita tano hivi kwa sekunde.

Wengi hudhani kwamba ukishika kifundo cha mkono na kusikia mapigo, unasikia damu iliyotoka moyoni sasa hivi. Sivyo. Damu yenyewe bado iko njiani, inajikokota nyuma sana. Kinachogonga kidole ni ukuta wa mshipa uliopokea wimbi na kutanuka.

Hapo ndipo wanaoigiza mtiririko wa damu kwa kompyuta wanapopata taabu. Kazi yenyewe huanza na picha za CT-scan au MRI. Umbo la mshipa huchorwa kutoka kwenye picha hizo, kisha nafasi iliyo ndani yake hugawanywa kuwa vipande vidogo mno, mara nyingi mamilioni, vinavyoitwa kwa pamoja wavu. Katika kila kipande kompyuta hutafuta kasi na presha ya damu kwa kufuata kanuni za Navier na Stokes, zilizoandikwa katika karne ya 19. Inafanya hivyo kwa muda mdogo sana, tuseme elfu moja ya sekunde, kisha inasogea hatua nyingine, hadi pigo zima la moyo litimie.

Njia rahisi ni kuuchukulia ukuta kuwa mgumu, usiosogea hata kidogo. Hesabu hupungua sana, lakini jambo moja la ajabu hutokea: mapigo hayasafiri tena. Damu haibanwi ikapungua ujazo, na ukuta haukubali kutanuka, basi tone moja likiingia mwanzoni mwa mshipa lazima tone jingine litoke mwishoni papo hapo. Wimbi limefutwa. Aidha, msuguano wa damu kwenye ukuta mara nyingi huonekana mkubwa kuliko ulivyo, na msuguano huo ndio madaktari wengi wanaoutazama wanapouliza ni wapi mafuta yatajenga utando au mshipa utavimba.

Si kwamba wataalamu wa zamani hawakuliona tatizo hili. Leonhard Euler, mmoja wa wanahisabati wakubwa kuliko wote, aliandika kanuni za damu inayopita katika ateri zinazotanuka mwaka 1775, akakiri kwamba kuzitatua kulimshinda. Kazi hiyo haikuchapishwa hadi 1862, miaka mingi baada ya kifo chake.

Leo kuna njia kuu mbili. Ya kwanza huufunga wavu kwenye ukuta: ukuta ukitanuka, wavu nao unavutwa, na kanuni zinarekebishwa ili mwendo wa wavu usihesabiwe kuwa mwendo wa damu. Ya pili ilibuniwa na Mmarekani Charles Peskin, aliyekuwa akichunguza vali za moyo, na kuchapishwa mwaka 1972. Yeye aliuacha wavu utulie mahali pake, akachora ukuta juu yake kama nyuzi zinazoisukuma damu na kusukumwa nayo. Kwa vali, ambazo hufunguka, hufunga na kugusana, ubunifu huo ulikuwa ukombozi.

Jambo lililowatesa watafiti kwa miaka mingi ni uzito. Mhandisi wa ndege anaweza kukokotoa upepo kwanza, akalipatia bawa presha yake, bawa likapinda, akarudi kwenye upepo. Zamu kwa zamu, mambo yanakwenda, kwa sababu hewa ni nyepesi sana kuliko aluminiamu. Damu ina kilo 1,060 hivi kwa mita ya ujazo, na ukuta wa ateri unakaribiana nayo mno. Ukuta ukisogea, unabeba damu nzito pamoja nao. Ukitumia mtindo wa zamu, kosa dogo linakua kila hatua mpaka namba zinalipuka. Mwaka 2005, Causin, Gerbeau na Nobile walionyesha kihisabati kwa nini hata kufupisha hatua za muda hakuponyi ugonjwa huo. Dawa ni kuvitatua vyote viwili kwa pamoja, au kurudia zamu hizo mara nyingi ndani ya kila hatua hadi damu na ukuta vikubaliane. Gharama yake ni muda wa kompyuta.

Je, gharama hiyo ni ya lazima? Si kila mara. Kama swali ni presha inapungua kiasi gani kwenye mshipa mwembamba wa moyo uliozibwa nusu, ukuta mgumu mara nyingi hutosha. Kama swali linahusu aota au presha ya mzee, kuuacha ukuta ulale ni kukwepa swali lenyewe.

Kwa Tanzania, ugonjwa unaolifanya somo hili liwe la hapa nyumbani ni selimundu. Inakadiriwa kuwa watoto 11,000 huzaliwa nao nchini kila mwaka, na Muhimbili imekuwa ikifuatilia kundi kubwa la wagonjwa tangu 2004, kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani. Mtoto mwenye selimundu anaweza kupata kiharusi, na dalili ya mapema hupatikana kwa altrasaundi ya ubongo: damu ikikimbia sentimita 200 kwa sekunde au zaidi, hatari ni kubwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kuwaongezea damu watoto wa aina hiyo mara kwa mara kulipunguza kiharusi cha kwanza kwa zaidi ya asilimia 90. Lakini kasi hupanda kwa sababu zaidi ya moja. Mshipa ukipungua kipenyo kwa nusu, damu ileile hulazimika kupita kwa kasi mara nne. Upungufu wa damu pekee nao huongeza mwendo. Altrasaundi hutoa namba moja tu. Uigizaji unaweza kusaidia kutenganisha sababu hizo.

Programu si kikwazo. SimVascular, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stanford, hupakuliwa bure, na inaweza kusogeza kuta. Kinachokosekana ni taarifa za ukuta wenyewe, na hapa kanuni ya Korteweg inageuzwa kinyume. Sensa moja huwekwa shingoni, nyingine kinenani, na kasi ya wimbi kati yake hupimwa. Wataalamu wa Ulaya huiona mita 10 kwa sekunde kuwa kikomo cha tahadhari. Kipimo hicho hakihitaji chumba cha upasuaji wala sindano, na hospitali ya mkoa kama Tumbi, pale Kibaha, ni ya ngazi inayoweza kukibeba. Kasi ikiwa maradufu, ugumu wa ukuta ni mara nne, mradi unene na upana wa mshipa ni uleule. Viwili hivyo navyo vinapaswa kupimwa kwa kila mgonjwa, kwa altrasaundi, kabla kompyuta haijawashwa.