Mtabiri wa Hewa Aliyeonya Mapema

Mnamjua Gary England? Alikuwa mtoto wa mkulima huko Oklahoma, Marekani. Kuanzia 1972 hadi 2013 alitangaza hali ya hewa katika KWTV, televisheni ya hapo kwao. Adui wa watu wa huko ni tonado, upepo unaozunguka kama pia na kung'oa nyumba nzima.

Sasa, rada ya zamani ilionyesha tu mvua iko wapi. England akawashawishi wenye kituo, na mwaka 1981 wakapata rada ya Doppler. Hii hutuma mawimbi ya redio. Yakigonga matone ya mvua hurudi yamebadilika, kulingana na kama matone yanakuja au yanakwenda. Ndiyo maana mtabiri huona upepo ukizunguka ndani ya wingu kabla haujagusa ardhi. Dakika kumi hivi si nyingi, lakini zatosha kubeba watoto na kuingia shimoni.

Tarehe 3 Mei 1999 tonado kali ilielekea Oklahoma City. England hakuzungukazunguka na maneno: aliwaambia watu waingie chini ya ardhi. Nyumba maelfu ziliharibiwa na watu 36 wakafa. Ni wengi, ndiyo. Lakini hizo nyumba zilikuwa na wenyewe, na wengi wao walitoka hai.