Kabla hujabofya ‘tuma’, hesabu nyota zako

Umeandikiwa barua ya kuomba kazi na ChatGPT. Ukainakili, ukaibandika kwenye baruapepe, ukatuma. Huko ofisini, anayeajiri anaifungua na kukutana na hili: “Nina uzoefu wa **miaka miwili** katika mauzo.” Hizo nyota mbilimbili zinamwambia jambo moja tu: hukuisoma barua yako mwenyewe.

Nyota hizo si hitilafu ya simu. Ni kanuni za uandishi ziitwazo Markdown, alizozitoa Mmarekani John Gruber mwaka wa 2004, Aaron Swartz akichangia mawazo. Kabla ya hapo, watu walioandikiana baruapepe zisizo na kitufe cha wino mzito walikuwa wakizingira neno kwa nyota au vistari vya chini ili msomaji ajue hapo pana uzito. Gruber aliyachukua mazoea hayo akayawekea utaratibu: nyota moja kila upande ni hati mlazo, nyota mbili ni wino mzito. Programu inayoielewa Markdown huziondoa nyota na kukuonyesha maandishi yaliyopambwa. Isiyoielewa inaziacha hivyo hivyo, kama ilivyofanya baruapepe yako.

Sasa ngoja uchanganyikiwe kidogo. WhatsApp, iliyoanza kukubali mapambo haya mwaka wa 2016, ina sheria zake. Kwake nyota *moja* tayari ni wino mzito, na hati mlazo inataka kistari cha chini, _hivi_. Slack ni vivyo hivyo. Ukihamia Discord, nyota moja inakuwa mlazo tena. Kwa hivyo swali la kujiuliza kabla ya kupamba ni: maandishi haya yanaenda wapi?

Kwetu Kenya kuna mtego mwingine, maana maisha yetu yamejaa nyota. *334# ya M-Pesa haina shida. Nyota yake iko peke yake, haina mwenzake wa kufunga naye. Lakini chukua mfano wa kodi yenye nyota mbili, tuseme *123*4#. Markdown inaona jozi! Inailaza 123 na kuzimeza nyota zote mbili. Kama wewe ndiwe unayeandika maagizo ya malipo kwenye tovuti ya chama chenu, wanachama watapiga 1234# mpaka wachoke, kisha lawama zitakurudia wewe. Dawa ni kutanguliza mkwaju wa kinyumenyume mbele ya kila nyota, \*123\*4#, au kuizingira kodi yote kwa kialama hiki: `. Hapo programu inaambiwa, “Usiguse.”

Kwa mnaoandika noti za Kiswahili kwa Markdown, kuna raha yake pia. Ukitaka kuonyesha kiambishi cha wakati, andika a*li*lipa na “li” pekee italala katikati ya neno. Ukijaribu a_li_lipa, programu nyingi za leo zitakataa, na zina sababu: waandishi wa programu hutumia kistari cha chini kuunganisha majina ya faili, na zamani majina hayo yalikuwa yakivurugwa vibaya.

Halafu, kwani lazima kupamba kila kitu? Mwingereza anayetaka kusisitiza kwamba ni yeye aliyelipa, wala si mwingine, mara nyingi huongeza sauti au wino. Sisi tuna “ndiye aliyelipa”. Tuna “tu”, tuna “kabisa”, na tunaweza kulihamisha neno likaja mbele: “Pesa nimetuma.” Ujumbe wenye nyota katika kila mstari unachosha macho, na mwishowe hakuna kinachoonekana kizito. Mimi ningeacha nyota kwa vitu viwili: tarehe ya mwisho na kiasi cha pesa.

Turudi kwa ile barua. Ukitumia Google Docs, washa Markdown kwenye mipangilio, kisha ubandike kwa kuchagua njia ya kubandika kutoka Markdown. Nyota zitageuka wino mzito zenyewe. Kwenye Word, tafuta nyota mbilimbili (**) na uweke pengo tupu mahali pake. Kisha jitumie barua hiyo wewe kwanza, uifungue kwa simu, uisome yote.