Baada ya Matanga

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo sisimulii habari za sungura na fisi. Nataka kuwaeleza yanayotendeka hapa kwetu Kimali, wilayani Meatu, nyumba inapofikwa na msiba, maana sisi wakubwa tunawafukuza mkacheze kwa jirani na baadaye hatuwaelezi lolote.

Kilio kikisikika, jembe linawekwa chini. Hata kama ni Januari na pamba inadai palizi, siku ya maziko watu hawaendi shamba. Sisi Wasukuma tuna nzengo, umoja wa kaya zilizo jirani, na kila kaya inajua wajibu wake. Huyu analeta unga, yule kuni, kina mama wanachota maji, vijana wanachimba kaburi. Michango huandikwa kwenye daftari, na asiyefika bila sababu anaweza kutozwa faini. Mtasema ni ukali. Mimi naona ni busara kubwa: mfiwa hana nguvu ya kuomba hata maji ya kunywa, na kwa utaratibu huu hahitaji kuomba.

Usiku watu hulala palepale uani, wakiota moto. Msidhani wamekaa bure. Wanamsimulia marehemu: alivyoswaga ng'ombe kwenda mnadani, alivyoicheza ngoma, hata ubishi wake. Mfiwa analia, mara anacheka, mara analia tena, wala hakuna anayemshangaa.

Sasa tegeni masikio. Matanga yakishaanuliwa, masufuria ya kuazima hurudishwa, wageni wa Bariadi na Mwanza hupanda mabasi yao, na nyumba inabaki kimya. Siku hizo ni nzito kuliko ile ya maziko. Hapo ndipo jirani mwema anapoonekana: anayekwenda kumpalilia mjane pamba yake bila malipo, anayepita jioni kukaa naye tu, hata kama hawana la kuzungumza.

Na ninyi mna kazi yenu. Mwenzenu aliyefiwa na mama anaweza kucheza mpira asubuhi, mchana akanuna. Msiseme amesahau, wala msimwambie ajikaze. Watoto huomboleza hivyo, kidogo kidogo. Mdogo wake wa miaka minne atauliza kila siku mama anarudi lini, kwa kuwa umri huo haujaelewa kwamba kifo hakina marejeo. Msimdanganye kwamba mama kasafiri, atakaa akimngoja. Mwambieni kwa upole: amekufa, hatarudi, na si kosa lako. Neno hilo la mwisho nalisisitiza, kwani watoto wengi hujilaumu kimoyomoyo na hawasemi.

Msiogope kumtaja marehemu pia. Kwetu jina la babu aliyefariki hupewa mjukuu, likaitwa tena uani kila siku. Kutaja jina hakuchokonoi kidonda.

Ila huzuni ikimzuia mtu kula, kulala au kwenda shule kwa muda mrefu, aambiwe mtu mzima anayemwamini, awe shangazi, mwalimu au kiongozi wa dini. Ipo pia namba 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure popote Tanzania.

Kesho mkienda shule, mpitieni mwenzenu aliyefiwa mwende pamoja. Na keshokutwa mpitieni tena.