Nyuso Zinazozama Kwenye Kioo

Saa moja usiku, taarifa ya habari ya Kiswahili inapoanza, Meru na Embu jua huwa limeshazama, iwe Januari au Julai. Ikweta inakata barabara kati ya mji wa Meru na Nkubu, nayo Embu iko nusu digrii tu kusini yake, hivyo mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na dakika hamsini. London mambo ni tofauti: Juni jua huzama saa tatu usiku imeshapita, Desemba huzama kabla ya saa kumi jioni. Anayerekebisha picha ya runinga yake huko hana budi kuhesabu majira. Huku kwetu mpangilio mmoja wa usiku, ukifanywa vizuri mara moja, unafaa miezi yote 12. Kinachohitajika ni rimoti, jioni moja ya utulivu na macho yanayojua yanatafuta nini. Naiona kuwa kazi muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu picha mbaya haiwaumizi kwa kiasi sawa wote wanaoonekana ndani yake. Watu weusi ndio hupotea kwanza.

Chanzo kiko dukani. Duka la vyombo vya umeme pale Makutano, au katikati ya mji wa Embu, lina taa kali nyeupe, na runinga zimepangwa ukutani zikishindana kuvuta jicho la mpita njia. Inayoshinda ni ile inayowaka zaidi na ambayo weupe wake unaelekea buluu. Viwanda vinalijua hilo, ndiyo maana runinga nyingi hutoka na mpangilio wa kuuzia, mara nyingi ukiitwa Vivid au Dynamic: taa ya nyuma ya kioo iko juu kabisa, rangi zimekolezwa, weupe umesogezwa hadi nyuzi 9300 za Kelvin au zaidi, ilhali kipimo kinachotumiwa studio ni takriban 6500. Baadhi huuliza zinapowashwa mara ya kwanza kama ziko dukani au nyumbani. Fundi wa dishi mwenye haraka hubonyeza jibu lolote, na duka linahamia sebuleni kwa miaka.

Ngozi nyeusi huakisi mwanga kidogo kuliko ngozi nyeupe, kwa hiyo kwenye picha hukaa katika ngazi za chini, jirani na vivuli. Mpangilio wa dukani huzisukuma ngazi hizo chini zaidi ili weupe uonekane wa kushangaza. Mtangazaji akisimama mbele ya ukuta wa studio unaong'aa, ukuta unaonekana wote, naye anapoteza mfupa wa shavu, mstari wa taya, na mahali paji la uso linapoachana na nywele. Katika mahojiano ya nje ni vibaya zaidi. Mkulima wa chai wa Manyatta akieleza habari za bonasi huku mbingu nyeupe ikiwa nyuma yake, kinachotufikia ni umbo jeusi lenye sauti. Yule aliyeletwa kamera ili aonekane na taifa haonekani. Buluu ya ziada nayo hugeuza kahawia kuwa kijivu, na mwenye nyumba akijaribu kuiponya kwa kuongeza rangi, mtu wa maji ya kunde anakuwa mwekundu kama udongo wa barabara ya shamba.

Jambo hili lina historia. Kwa miongo mingi katika karne iliyopita maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zilizokuja kuitwa Shirley. Lorna Roth, mtafiti wa Kanada, alichapisha mwaka 2009 uchunguzi wake juu ya kadi hizo. Alieleza kwamba malalamiko yaliyoisukuma Kodak kuboresha filamu yake yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao picha za bidhaa zao hazikutofautisha kahawia moja na nyingine. Wazazi weusi ambao nyuso za watoto wao zilikuwa zikipotea katika picha za shule hawakuwa wamesikilizwa hivyo. Kamera za leo zimesogea mbali na hapo, na mpiga kamera anayejua kazi yake mjini Meru anaweza kupiga uso mweusi kwa haki. Lakini kazi yake hupita kwenye kioo cha nyumbani kabla ya kutufikia, na kioo hicho hakuna atakayekuja kukirekebisha isipokuwa mwenyewe.

Kipimo cha kurejelea kipo, na hakikutungwa na kiwanda chochote. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, lilitoa mwaka 1990 pendekezo la BT.709, linaloeleza rangi za picha ya ubora wa juu. Katika mfumo wa kawaida, nyeusi hupewa namba 16 na nyeupe 235, na kila uso, jani na wingu hugawana ngazi zilizo katikati. Mwaka 2011 pendekezo la BT.1886 likaeleza jinsi kioo kinavyopaswa kupanda kutoka giza hadi mwanga. Mwangaza wa kawaida wa kioo cha studio ni kandela 100 kwa mita ya mraba, na runinga iliyotoka dukani juzi huweza kutoa mara kadhaa ya hapo. Kupunguza kunakofuata hapa chini, basi, ni kurudi kwenye picha ile ile aliyoiona mhariri alipoipitisha.

Anza na chumba. Iwe usiku, runinga iwe imewaka nusu saa, na balbu inayojimulika kwenye kioo izimwe. Keti mahali unapoketi kila siku. Nyumba nyingi huweka runinga juu mno, juu ya kabati la ukutani au karibu na dari, na vioo vingi vya LCD hubadilisha weusi na rangi vinapotazamwa kwa pembe. Ishushe hadi katikati ya kioo ikaribiane na macho ya aliyeketi, au iinamishe mbele kidogo. Kisha ondoka kwenye Vivid uende kwenye mpangilio wa Movie au Cinema, au Filmmaker Mode, uliotangazwa na muungano wa viwanda na studio mwaka 2019. Hatua hiyo moja hurudisha sehemu kubwa ya picha. Zima pia kontrasti inayojibadilisha yenyewe pamoja na hali ya kuokoa umeme, kwa kuwa zote mbili zitavuruga unachopanga.

Sasa weusi, na hapa usiharakishe. Kwenye menyu za runinga nyingi, kipimo kinachoandikwa Brightness ndicho kinachopandisha na kushusha weusi. Mwanga wenyewe hutawaliwa na kile cha taa ya nyuma, Backlight. Wengi huona picha imefifia, wakachezea cha kwanza badala ya cha pili, na nyuso zikazama. Pata picha za majaribio. Mkusanyiko wa AVS HD 709 hupatikana bure, na saiba yoyote inaweza kukupakulia kwenye flashi. Katika picha ya weusi kuna mistari yenye namba: ule wa 16 umezwe kabisa na usuli, na ile iliyo juu yake kidogo ianze kuonekana kwa shida. Ukishusha zaidi ya hapo unakata nywele, suti na vivuli vya shavu. Ukipandisha, usiku unageuka ukungu wa kijivu. Baadaye jaribu kwa filamu. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ya mwaka 2012, ina matukio mengi ya usiku yenye watu weusi katika mwanga hafifu. Ukiweza kusoma hofu usoni mwa kijana aliye kivulini huku giza lenyewe likibaki giza, umefika.

Kwa weupe, Contrast, angalia mikunjo ya shati jeupe: ikipotea, punguza. Kwa joto la rangi chagua Warm. Siku za kwanza picha itaonekana ya manjano, kwa sababu jicho limezoea buluu, kisha litazoea. Mwenye shaka asubiri mchana wa Julai wenye wingu jembamba, ashike karatasi nyeupe mlangoni na kuilinganisha na weupe wa kioo, kwa maana mwanga wa mbingu ya namna hiyo hauko mbali na zile nyuzi 6500. Kifaa cha kupimia rangi hufanya kazi hii kwa uhakika zaidi, lakini bei yake huzidi ya runinga nyingi za inchi 32.

Kuhusu kiasi cha rangi, watu wa Meru wana nafasi ambayo watazamaji wengi duniani hawana. Weru TV na Baite TV hutangaza kwa Kimeru na huonyesha watu wa huku huku: diwani wa wadi yako, mchungaji, mama muuza ndizi. Baadhi yao umewaona barazani na sokoni kwa macho yako, mchana, kwa rangi yao halisi. Kamera moja inaweza kukosea, kwa hiyo linganisha vipindi kadhaa na watu kadhaa, mweupe kidogo na mweusi zaidi, ukiongeza au kupunguza rangi hadi wote wakubalike kwa pamoja. Nyasi za uwanja wa mpira zije baadaye, maana hakuna anayejua kwa hakika rangi ya nyasi za Manchester.

Nadhani tuliacha tabia ya kurekebisha picha wakati wa kuhamia dijitali. Enzi za analojia chenga zilimlazimisha mtu kutoka nje kuzungusha antena na kurudi kugusa vitufe. Kila nyumba ilikuwa na mtu wa kazi hiyo. Kenya ilipozima analojia mwaka 2015, katikati ya mvutano uliozifanya NTV, KTN na Citizen zitoweke hewani kwa wiki kadhaa, king'amuzi kilileta picha isiyo na chenga, na usafi huo tukauchukua kuwa ukweli. Mawimbi ya dijitali ama yanafika ama yanagandisha picha. Hayasemi lolote kuhusu rangi, na uso ulioharibika hufika ukiwa safi kabisa.

Vituo vingi kwenye king'amuzi bado vinarushwa kwa mistari 576, ambayo runinga ya 4K huinyoosha hadi 2160. Ukiongeza ukali wa picha, Sharpness, hupati undani wowote mpya. Unapata kingo nyeupe kuzunguka vichwa vya watu na vipande vya mraba vinavyocheza. Ushushe karibu na sifuri. Zima na kile kinacholainisha mwendo, ambacho Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video Desemba 2018 kuwaomba watazamaji wakizime, kwa kuwa huifanya filamu ionekane kama kipindi cha studio.

Katika nyumba za Mbeere zinazotegemea sola, licha ya mabwawa ya Mto Tana kuwa jirani, kupunguza mwanga kuna faida nyingine. Sehemu kubwa ya umeme wa runinga ya LED huliwa na taa ya nyuma. Ikishushwa hadi kiwango kinachotosha chumba chenye giza, betri inayozima kabla ya habari kwisha inaweza kuzifikisha mwisho.

Nyanya akisema haoni vizuri, msikilizeni. Lenzi ya jicho huingia umanjano na uzee, na jicho la miaka 75 huhitaji mwanga zaidi kuliko la mjukuu. Mpandishie taa ya nyuma, weusi msiuguse. Halafu nakili namba zote kwenye daftari linalotunza risiti na waranti, kwa kila chanzo peke yake: antena, king'amuzi, YouTube, flashi. Runinga nyingi huweka mpangilio tofauti kwa kila kimoja, na sasisho la programu au mtoto mwenye rimoti huweza kufuta yote kwa usiku mmoja.